Kimya cha Chimène

Alama ilikuwa 4 juu ya 10. Mwaka ulikuwa 2007, mji Bunia, katika Ituri, mashariki mwa Kongo, darasa la mwaka wa tano wa sekondari ambalo madawati yake yaliwatosha nusu ya waliokuwamo. Nakala ya Le Cid ilikuwa moja tu, na prof aliishika mwenyewe kama padri anavyoshika kitabu cha misa. Wengine wote waliisoma tamthilia ya Corneille kwa masikio.

Swali la kazi ya nyumbani lilikuwa fupi: onyesha dhamira ya mchezo kwa kumtazama Chimène katika onyesho la mwisho. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa ubaoni wiki mbili kabla, na kila mtu alikuwa nalo kwenye kaye yake: mapenzi yameshinda kisasi, Chimène amekubali kuolewa. Mwandishi wa kumbukumbu hii alilinakili kwa mwandiko safi akapata 8. Msichana wa dawati la mbele yake aliandika jingine. Aliandika kwamba Chimène hakukubali. Alinyamaza tu, na hayo ni mambo mawili. Prof alipiga mstari mwekundu, akaweka 4, na pembeni akamwagiza asome tena. Ushauri mzuri, ila kitabu kilikuwa mkobani mwa prof.

Kwa asiyemjua Chimène, habari yake ni hii. Katika nchi ya Castille wako wazee wawili wenye cheo, Don Diègue na Don Gomès. Mtoto wa kiume wa yule, Rodrigue, na binti wa huyu, Chimène, wanapendana, na wazazi hawana kinyongo. Mfalme anamteua Don Diègue awe mlezi wa mwana wa mfalme. Don Gomès, aliyeona nafasi ile ni yake, anamzaba mwenzake kofi. Don Diègue ni mzee, upanga umemzidi mkono, kwa hiyo anamtuma mwanawe akalipize. Rodrigue anamuua baba wa mchumba wake. Chimène anakimbilia kwa mfalme kudai haki, na anadai kichwa cha mtu yule yule anayempenda. Usiku huo Wamori wanaushambulia mji, Rodrigue anawashinda, na wafalme aliowateka wanampa jina la Cid. Neno hilo ni la Kiarabu, ndilo lile lile walilotumia watu wa Zanzibar waliposema Seyyid Said. Mwishowe mfalme anaamuru Chimène aolewe na shujaa, lakini anampa mwaka mzima kwanza, machozi yakauke. Pazia linashuka.

Mwaka 2007 hapakuwa na mtu darasani mle aliyehitaji kuelezwa kisasi ni nini. Vita vya Ituri vilivyoanza Djugu mwaka 1999 kwa ugomvi wa mashamba vilikuwa vimefika hadi ndani ya mji. Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, wanamgambo walipigana mtaa kwa mtaa na mamia ya watu wakafa. Maelfu walilala kwenye mahema kuzunguka kambi ya MONUC, askari wa Umoja wa Mataifa, na uwanja wa ndege, mpaka Juni walipoingia askari wa Ulaya chini ya Operesheni Artemis. Wanafunzi wa mwaka wa tano walikuwa na miaka 12 au 13 wakati huo. Miaka minne baadaye waliketi bega kwa bega, watoto wa upande huu na wa upande ule, na sheria ya shule ilikuwa moja: majina ya makabila yasitajwe darasani. Le Cid ikawapa majina mengine ya kutaja.

Somo la kwanza lilikwenda upesi kuliko prof alivyopanga. Kabla ya kengele, darasa lilikuwa limekwisha kuamua kwamba nyumba ya Don Diègue na nyumba ya Don Gomès ni makabila mawili yaliyochukiana tangu enzi za mababu. Kila mtu alijua nani ni nani. Hapo prof, na haki yake apewe, aliuliza swali ambalo mwandishi amelitumia maisha yake yote tangu siku ile: imeandikwa wapi? Akalifungua tena onyesho la kofi, akasoma polepole. Haikuandikwa popote. Wazee wale ni wa mfalme mmoja, wa imani moja, wa baraza moja, na watoto wao walikuwa karibu kuoana kwa baraka za pande zote. Kofi lilitokana na uteuzi.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, kwa Kiswahili, ingawa somo lilikuwa la Kifaransa: «Prof, kumbe bale bazee balikosana juu ya kazi?»

Prof akajibu ndiyo, kazi ya kulea mtoto wa mfalme. Hakuna aliyecheka. Redio za mbali zilikuwa zimewazoesha watu kusikia kwamba Ituri inaungua kwa chuki ya kale, kana kwamba chuki ni mvua ya msimu. Waliokuwa nyumbani waliweza kuhesabu vitu vingine: hati za mashamba, dhahabu ya Kilo-Moto, ushuru wa mipaka, viti vya wakuu. Wanafunzi walileta maisha yao kwenye kitabu na maisha yakawapotosha. Kitabu kiliposomwa tena, mstari kwa mstari, kikawarudisha karibu na ukweli wa nyumbani kuliko walipoanzia.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeuliza imeandikwa wapi ndiye, mwezi ule ule, aliyemnyima msichana alama. Ukitaka kumwelewa, kumbuka kilichokuwa kinawasubiri wanafunzi wake mwaka uliofuata. Mtihani wa serikali, Exetat kama unavyoitwa, una sehemu kubwa ya maswali ya kuchagua jibu. Anayefundisha fasihi kuelekea mtihani wa namna hiyo hufundisha dhamira kama namba ya simu; tarakimu moja ikibadilika, hupati mtu. Racine ni hivi, Molière ni vile, Camara Laye ni utoto na mila. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 na zaidi, ambaye sehemu ya mshahara wake inatoka mifukoni mwa wazazi, hana faraja ya kusema kwamba jambo hili lina majibu mawili.

Muhula wa pili ulikuwa wa Antigone, ile ya Jean Anouilh, iliyochezwa Paris mara ya kwanza Februari 1944 mji ukiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Ndugu wawili wameuana wakigombea kiti. Créon, aliyebaki na kiti hicho, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine aachwe nje aoze. Dada yao anatoka usiku kumfukia. Mtu angedhani Bunia, ambako mwaka 2003 maiti zililala barabarani kwa siku, wangelia na Antigone. Hawakulia. Walimheshimu, wakampita. Waliyemng'ang'ania ni mlinzi.

Katika tamthilia ile walinzi si wabaya. Wamechoka, wananuka kitunguu saumu na divai, wanazungumza juu ya wake zao. Mmoja wao, amekaa na msichana anayengoja kufa, anamweleza tofauti ya posho kati ya cheo hiki na kile. Mwishoni wakubwa wamekufa au wamevunjika, na walinzi wanacheza karata. Maelezo yaliyoandikwa ubaoni yaliwapa walinzi hao nusu sentensi. Darasa liliwapa saa nzima, kwa sababu kila mmoja alikuwa amewahi kusimama mbele yao, kwenye bariyeri, kamba imefungwa kati ya miti miwili, vijana wenye bunduki na karata, na mmoja anauliza una nini kwenye mfuko. Mwanafunzi mmoja alisema Créon hakumuona hata siku moja; aliyemuona ni yule wa bariyeri. Safari hii maisha hayakumpotosha mtu. Anouilh aliwaweka walinzi pale makusudi, akawaachia tendo la mwisho la mchezo, la kawaida kabisa, na waliosoma kutoka kwenye bariyeri walimsikia bila kusaidiwa.

Swali la namna hiyo hiyo, lililotoka kwenye maisha, lilimpata mwandishi miaka mingi baadaye, yeye sasa akiwa upande wa chaki. Aliwasimulia wanafunzi wake kuhusu Ruined, tamthilia ya Mmarekani Lynn Nottage, iliyochezwa kwanza Chicago mwaka 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Ilimpendeza kuwaambia kwamba mchezo huo umewekwa kwao, katika mji mdogo wa machimbo wa Ituri. Kwamba mtunzi aliondoka na Mother Courage ya Brecht kichwani, akaenda Uganda mwaka 2004 kuwasikiliza wanawake waliokimbia Kongo, na akarudi na mchezo mwingine. Mama Nadi ana baa, anawauzia askari wa pande zote, na risasi zinaachwa kaunta. Mwandishi alitarajia wanafunzi wamuulize juu ya mateso. Mkono wa kwanza ulionyooshwa uliuliza bia ilifikaje pale kama njia imefungwa. Na hilo ndilo swali lenyewe, kwa kuwa yuko mhusika, Christian, mchuuzi anayefika na bidhaa na kupita kila upande kwa hatari yake, na bila yeye baa haipo. Msomaji wa Chicago huenda akamwona Christian kama mtu wa kuchekesha na kupenda. Mtoto wa mfanyabiashara wa Bunia anaanza na njia yake.

Kati ya dawati na chaki kulikuwa na masomo ya Kifaransa katika chuo cha ualimu, ISP Bunia, kisha kazi katika shule moja ya mji. Mwaka 2015, mwaka ambao Ituri ilifanywa mkoa unaojitegemea na Bunia makao yake makuu, shule ilipokea sanduku la vitabu vya msaada kutoka Ulaya. Vingi havikufaa kitu: miongozo ya kompyuta zilizokwisha kufa, katekisimu ya watoto wa Ubelgiji. Chini kabisa palikuwa na Le Cid, chapa ya shule, kurasa za kahawia, na nyuma ya mchezo wamechapa maneno ya Corneille mwenyewe. Mwandishi hakuwahi kujua kwamba yapo.

Historia yake ni ndefu kidogo, na ina utamu. Le Cid ilipochezwa mwanzoni mwa 1637, Paris ilifurika. Wenzake Corneille hawakufurahi. Georges de Scudéry alitoa andiko la kuishambulia, na Académie française, taasisi changa iliyoundwa mwaka 1635 chini ya Kardinali Richelieu, ikaombwa kuamua. Lawama kubwa ilimwangukia Chimène. Binti gani, walisema, anakubali kuolewa na aliyemuua baba yake, na damu haijakauka? Aliyeamuru alikuwa mfalme. Walimhukumu aliyeamriwa.

Corneille alikaa na jambo hilo zaidi ya miaka 20. Mwaka 1660, alipochapa upya tamthilia zake na kuipa kila moja uchunguzi wake, alijibu. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba watu hawakusoma vizuri. Baada ya amri ya mwisho, Chimène hasemi neno. Kwa desturi anayenyamaza huhesabiwa amekubali. Lakini anayezungumza akiwa ni mfalme, kimya kinageuka na kuwa kukataa, kwa kuwa mbele ya mfalme hakuna namna nyingine ya kukataa yenye adabu. Anayekubali hupiga makofi. Asiyekubali hufunga mdomo, huku akingoja mwaka ule ulete kizuizi.

Mwandishi aliusoma ukurasa huo amesimama kwenye ghala la shule, vumbi hadi viwikoni, akamkumbuka msichana wa dawati la mbele na mstari wake mwekundu. Alikuwa ameandika maneno ya Corneille bila kumsoma Corneille.

Kiswahili kinajua ubishi huu. Kuna wanaosema kimya ni ridhaa, hasa linapokuja suala la mwali na posa. Na kuna wanaosema kimya kingi kina mshindo mkuu. Misemo yote miwili inaishi kinywani mwa mtu mmoja, na mara nyingi anayeshika wa kwanza ni yule anayetaka jambo liishe.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba tangu siku ile ya ghala mwandishi alisahihisha makaratasi kwa haki. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 alikuwa na nakala mbili za Kusadikika ya Shaaban Robert, zilizopita mikononi mwa wafanyabiashara wa njia ya Uganda, akazisoma na wanafunzi Jumamosi. Kijitabu hicho cha mwaka 1951 kinaonekana rahisi. Nchi inaelea hewani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, mshtaki wake ni waziri Majivuno, na mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa, wakatiwa kifungoni badala ya kushukuriwa. Majina yanajieleza yenyewe, na mwandishi aliwaambia hivyo hivyo: Karama ni kipawa, Majivuno ni kiburi, andikeni. Hakugundua kwamba ameshaligeuza darasa lake kuwa ubao wa 2007.

Kijana mmoja aliyekuja Bunia na familia yake baada ya mapigano kuanza tena Djugu mwishoni mwa 2017 aliandika kwamba mhusika mkuu wa Kusadikika ni mfalme. Mwandishi akaweka 5 na alama ya kuuliza. Jumamosi iliyofuata kijana akaja na kitabu mkononi. Nakala mbili zilikuwa zikizunguka, ndiyo maana aliweza. Akaonyesha kwamba Karama anaongea siku baada ya siku na mfalme anasikiliza. Anaweza kumnyamazisha wakati wowote, hamnyamazishi, na kwa sababu hiyo wafungwa wanatoka. Kusema, alisema kijana, hata kwetu watu wanasema. Kisha akaitaja La Haye, ambako kesi ya Thomas Lubanga, mkuu wa wanamgambo wa Ituri, ilianza Januari 2009 na hukumu ikatoka Machi 2012, na wazee wakaifuata redioni mwaka hadi mwaka. Baba yake alikuwa akiuliza jambo moja kila jioni: je, wale majaji wanasikia au wanangoja zamu yao?

Mwandishi bado anaamini Karama ndiye kiini cha kitabu. Maneno ni yake, hatari ni yake. Lakini kijana alikuwa na ukurasa na alionyesha ukurasa, na 5 ile haikuwa na cha kuitetea ila uvivu. Ikawa 9.

Msichana wa dawati la mbele naye hakupotea. Bunia si mji wa kupoteana. Anauza makayabo katika soko kuu, samaki wa chumvi wanaokuja kutoka Tchomia na Kasenyi, na ana watoto watatu shuleni. Mwandishi alikuwa amenunua kwake mara nyingi, kwa salamu za kawaida, bila kutaja shule. Siku moja alibeba kitabu cha kahawia mfukoni, akasubiri wateja wapungue, akamsomea ukurasa wa 1660, akiutafsiri palepale, Kifaransa kinaingia Kiswahili kinatoka.

Mwanamke alisikiliza huku akifukuza nzi kwa karatasi. Mwandishi alipofika kwenye kimya mbele ya mfalme, alimkatiza. Akasema yeye hakuwa amefikiria mfalme kabisa. Mwaka ule, 2007, wakubwa wa ukoo wao walikutana na watu wa upande mwingine kumaliza maneno ya vita. Mbuzi alichinjwa, karatasi ikaandikwa, kila aliyefiwa akaulizwa kama amesamehe. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wa waliokufa mwaka 2003.

«Mama alinyamaza,» akasema. «Bakaandika: amekubali.»

Wiki iliyofuata prof alitoa swali la Chimène.

Mteja alikuja, akapunguziwa bei, akaenda zake. Mama samaki akauliza huyo mzee Corneille yuko wapi sasa, akaambiwa amekufa tangu 1684. Akafikiri kidogo, kisha akauliza alama zake sita atazidai kwa nani. Akafunga makayabo ya mwandishi kwenye gazeti, na kabla ya kumkabidhi akafungua tena, akaongeza mmoja wa matabishi.